Niiache Ipumzike

4 Machi

Mume wangu,

Neno hilo nimeliandika kwanza kwa herufi kubwa, nikaona aibu, nikachukua karatasi nyingine. Mume wangu. Miezi mitano sasa, na bado nikilitamka mbele ya wateja nacheka peke yangu. Juzi mama mmoja aliyekuja kupunguziwa gauni kiunoni akaniuliza, "We fundi, sindano inakutekenya?" Nikamwambia ndiyo mama, inanitekenya.

Tangu ulipopanda gari la maziwa kwenda shambani kwa marehemu mama yako, nyumba imekuwa na mwangwi. Ninalala upande wako wa kitanda ili upande ulio mtupu uwe wangu. Najua ni ujinga, lakini unasaidia.

Koo linaendeleaje? Usiongee! Jumapili ile ulipofungua mdomo mimbarani kuomba na sauti isitoke, watu walidhani umejaa Roho. Mimi peke yangu kwenye benchi la mbele nilijua ni koo, maana nilikusikia ukikohoa. Wazee wa kanisa wamefanya vizuri kukupa miezi mitatu uipumzishe sauti. Nakutumia chupa ya asali na tangawizi kwa mkono wa dereva wa maziwa, pamoja na barua hii, kwa kuwa huko uliko simu ni pambo tu la mfukoni.

Na usije ukaanza kulima! Nilikuita Jembe langu kwa mapenzi, sikuwa na maana ya kukutafutia kazi.

Mkeo (nimeliandika tena),
Sindano


13 Machi

Mke wangu Sindano,

Barua imefika inanata. Mfuniko wa chupa ulilegea njiani, kwa hiyo nimekusoma kwa macho na kwa ulimi. Asante.

Koo ni lilelile.

Shamba la mama lina hali mbaya kuliko nilivyoambiwa. Waliokodi walipanda mahindi juu ya mahindi, wakachoma mabua, wakahama. Mvua imeuchana mteremko wote, na makorongo mengine yananifika magotini. Udongo ukiushika unamwagika kama majivu ya jiko la jana. Kule chini kijito kimebaki alama tu. Nimeanza kuchimba, si kwa sababu nina mpango, ila nikikaa bure nasikia mawazo.

Jirani yangu ni bibi mmoja mwenye mbuzi wengi. Watu wanamwita Bibi Mbuzi na anaitika. Alisimama mpakani ananitazama, kisha akasema, "Mwinjilisti, hilo shamba limekufa. Si wewe kazi yako kuzika? Lizike, ukapumzike." Ni mzaha mzuri, nadhani. Nilishindwa kucheka. Nimezika wengi.

Mumeo


20 Machi

Jembe langu,

Barua yako nimeiweka ndani ya kisanduku cha bobini, kwa hiyo kila uzi ukiisha nakutana na wewe. Leo nyuzi zimeisha upesi mno, sijui kwa nini!

Habari za hapa ni njema. Wazee wamemleta mwinjilisti mwingine ashike nafasi yako kwa muda, pamoja na mkewe na watoto, nao wanakaa na mimi. Nyumba imechangamka! Wamechukua chumba cha mbele, cherehani imehamia jikoni. Nashona huku nakoroga uji. Mteja mmoja kalalamika kwamba sketi yake inanuka vitunguu, nikamwambia hiyo ndiyo mitindo mipya. Usiwe na wasiwasi wowote, mimi niko sawa kabisa.

Ila nina mashtaka. Barua yako ilikuwa na makorongo, na mbuzi, na majivu. Mimi mkeo nilikuwa kwenye salamu tu. Kweli mume wangu? Hata mbuzi wamenizidi mistari? Niandikie kuhusu ndoa yetu. Sitaki mahubiri. Nataka kidogo tu cha kusoma nikiwa napiga pasi, nijue unaifikiria.

Nimechoka kidogo leo, ndiyo maana mwandiko unaenda kombo. Tangawizi unakunywa?

Mkeo,
Sindano


2 Aprili

Mke wangu,

Nisamehe kwa ukimya. Jioni mikono inakuwa migumu, kalamu naishika kama mpini.

Nimechimba makinga maji kukata mteremko, mitaro mirefu ya kulala, ili mvua ikija isikimbie na udongo wote. Ardhi ya hapa inanisikitisha. Nakusanya majani makavu na samadi ya mbuzi, nabeba kwa gunia. Kando ya kijito nimepanda miche ya miti.

Umeniomba niandike kuhusu ndoa yetu. Maneno mazuri mimi yaliniishia kanisani, lakini nitajaribu. Ndoa yetu naifikiria kila jioni nikikaa kizingitini

Samahani. Mbuzi wa yule bibi waliingia kwenye miche, nikawafukuza hadi bondeni, na kalamu ikaanguka. Nimeiokota leo asubuhi. Naendelea.

Basi nimeitazama sana. Nimeishika kwa mikono yangu, nimeukubali ukweli. Imechoka. Imetumika mno bila kurudishiwa kitu. Kuilazimisha izae sasa hivi ni ukatili. Nimeamua niiache ipumzike mwaka mzima, nisiiguse, niifunike tu. Kama bado ina uhai kwa ndani, itauonyesha yenyewe. Kama haina, nitakuwa nimejua.

Najua si habari uliyoitarajia. Nilitaka uipate kwangu, si kwa mtu mwingine. Usilie.

Mumeo


11 Aprili

Mwinjilisti,

Barua yako nimeipata.

Niliisoma nikiwa napiga pasi, kama nilivyokuwa nimejipangia. Suruali ya mteja imeungua kwenye goti. Nitamshonea nyingine.

Nimempelekea shangazi aisome, maana mimi mwenyewe niliiona kama imeandikwa kwa lugha ya kigeni. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Imechoka?" akasema. "Mwanangu, mwanaume akikwambia imechoka, ujue ana mpya." Nikamwambia shangazi, huko kuna bibi mmoja tu na mbuzi. Akasema, "Huyo bibi umemwona?"

Nilitaka kucheka. Sikuweza.

Ndoa ya miezi sita inachokaje? Imetumiwa na nani, lini? Shuka za harusi bado zina mikunjo ya dukani. Na hilo la kuzaa. Nani alikulazimisha? Nilikuuliza mara moja tu, kwa utani, tumpe jina gani. Kumbe nilikuwa mkatili.

Unasema utaifunika usiiguse mwaka mzima. Mimi wakati huo nifanye nini chini ya hicho kifuniko?

Kama unaniacha, andika "nakuacha". Mimi ni fundi, nguo isiyoshoneka huwa namwambia mtu mbele ya uso wake.

Fundi cherehani


15 Aprili

Ardhi! Mke wangu, ardhi!

Ardhi ndiyo imechoka! Ardhi ndiyo sitaigusa! Nilikuwa nimeanza kuandika kuhusu ndoa, mbuzi wakaingia, niliporudi asubuhi nikaendelea na kilichokuwa mbele ya macho yangu. Ningeandika "shamba" ingekuwa "limechoka", wala usingemwaga chozi na shangazi asingekuwa na la kusema. Nimeangushwa na herufi. Ndoa yetu haijachoka. Ndoa yetu ndiyo kitu pekee nilichonacho ambacho bado kinanuka upya.

Dereva wa maziwa yuko barabarani, kawasha injini, anapiga honi. Nimemwambia asipoisubiri barua hii nitalala mbele ya tairi. Kazima.

Nimemsomea Bibi Mbuzi barua yako, kwa kuwa sikujua nimkimbilie nani. Alicheka mpaka akakaa chini, na mahali alipokaa palikuwa na mavi ya mbuzi. "Mwambie mkeo nimeshukuru," akasema, "nina miaka mingi sijashukiwa kuiba mume wa mtu."

Sasa, kwa kuwa nimeanza kusahihisha, nisahihishe na lingine. Koo langu halijawahi kuumwa.

Wiki iliyopita bibi aliniomba nimwombee mbuzi wake aliyeshindwa kuzaa. Nikamnong'oneza kwamba nina shida ya sauti. Akaniangalia. "Sauti gani? Hii unayowafokea mbuzi wangu mpaka bondeni wanaisikia?" Nikaondoka kama mwizi.

Jumapili ile mimbarani sauti ilikuwepo. Hakukuwa na kitu cha kuipa. Nilifumba macho nikakuta giza la kawaida, kama la mtu anayetaka kulala. Nilikohoa ili watu wapate sababu, na wewe ukanipa sababu kubwa zaidi, na asali. Sikuasi, mke wangu. Ningekuwa nimeasi ningekuwa na la kutubu. Nilichota tu, kila msiba, kila kitanda cha mgonjwa, kila Jumapili, na siku moja ndoo ikagonga chini.

Sijaomba tangu siku hiyo. Hata juu ya chakula. Nimekuambia.

Mumeo


24 Aprili

Mume wangu,

Nimelia, nimecheka, nimelia tena. Shangazi nimemweleza kwamba ni ardhi. Kajibu, "Basi hiyo ardhi ina bahati, wengine hatujaandikiwa hivyo." Hajakubali kwamba alikosea.

Lakini nilipomaliza kufurahi nilirudia kusoma, na furaha ikapungua. Sawa, hukuandika kuhusu ndoa. Uliandika kuhusu ardhi. Lakini mwaka mzima, mume wangu! Wewe uko huko na mimi niko huku, hatuonani, hatugusani. Hiyo ndoa mwaka mzima ungekuwa umeifanya nini kama si kuiacha bila kuigusa? Sikuisoma vibaya sana. Nilikosea neno, sikukosea maana. Na ulisema "nimeamua". Mimi nilikuwa wapi ulipokuwa unaamua?

Sasa na mimi nisahihishe.

Wageni hawakuja kwa muda tu. Yule mwinjilisti kaletwa ili akae. Wazee wanataka jibu lako kabla ya mwezi ujao kuisha: urudi mimbarani, au uache kazi na nyumba pia. Mzee kiongozi aliniambia kwa upole, akashika kofia yake mikononi muda wote, na upole wake ndio uliniumiza. Nilikuandikia kwamba nyumba imechangamka. Kweli imechangamka. Mimi nalala jikoni, miguu chini ya meza ya cherehani. Mkewe ni mtu mzuri, anaona aibu kuliko mimi. Kila asubuhi tunaombana samahani kama watu waliokanyagana sokoni.

Nilikuficha ili koo lipone. Na wewe ulinificha ukweli wa koo ili mimi nisiogope. Tumekuwa tunatumiana dawa za ugonjwa usiokuwepo.

Sijui nifanyeje na mume ambaye haombi. Nakuambia ukweli. Niliolewa na mtu ambaye akiomba, mikono yangu inapata joto. Jana nilijaribu kukuombea, nikajikuta nimesinzia nimeegemea cherehani. Nimechoka, mpenzi. Mimi na wewe tunafanana sasa, ila wewe una hewa.

Niambie ukweli mmoja tu. Huko unapona, au unajificha?

Mkeo


5 Mei

Mke wangu,

Swali lako limenikalisha chini. Nimekaa nalo kwenye mtaro, nimelibeba na samadi. Mwanzoni jibu lilikuwa: najificha. Nikasema nitarudi. Nisimame mbele niseme maneno, maneno nayajua yote, mke wangu apate chumba chake. Nilifunga begi.

Halafu jana mchana mvua ikanyesha.

Nilitoka nje. Bibi Mbuzi alinipigia kelele kutoka kwake, "Ingia ndani wewe, au unataka koo likuume kweli?" Nilikuwa nimesimama juu ya mteremko naangalia maji yanavyoshuka mekundu, yana haraka, kama kawaida yao. Yakafika kwenye mtaro wa kwanza, yakajaa. Nikajua yatavunja. Hayakuvunja. Yalisimama pale, mke wangu. Yalikaa yakazunguka kidogo kama mgeni anayetafuta kiti, kisha yakaanza kuzama, taratibu, mpaka nikasikia udongo unakunywa. Sijui kama umewahi kusikia udongo unakunywa. Ni sauti ndogo sana. Nilipiga magoti ili niisikie, sikupiga kwa sababu nyingine.

Nikafunua majani niliyofunika. Chini palikuwa peusi, pana unyevu, na palikuwa na mnyoo, mmoja tu, mwekundu, amekasirika kwa kufunuliwa. Sikumleta mimi. Mimi nilifunika tu.

Nimehubiri miaka yote kana kwamba mtu aliumbwa ili asimame mimbarani. Kumbe Mungu alimweka bustanini kwanza, na kazi aliyompa ni kulima na kutunza, na hakuna mahali alipomwambia ahutubie miche. Mimi nilijilima kama wale wapangaji walivyomlimia mama. Msimu juu ya msimu, mabua yote nikachoma, na watu wakapiga makofi kwa moto.

Pale magotini maneno yalikuja. Nakuandikia yalivyokuja, maana ni wewe uliyeuliza:

"Bwana, asante kwa maji yaliyokubali kukaa. Ardhi imechoka, nami nimechoka, na mke wangu analala jikoni. Mimi sina cha kukupa leo. Ninafunika tu. Usituache."

Hapo nikaishiwa. Nilingoja nione kama kuna mwisho, haukuja. Nikaona nisiutengeneze, nimetengeneza miisho mingi. Nikanyanyuka, magoti yametapakaa matope, nikaenda kuzibua mtaro wa pili.

Sijapona. Nimechoka bado, ila uchovu wa sasa unalala usingizi. Nadhani hapa nangojea, na kungojea si kujificha.

Begi liko mlangoni. Nikirudi, nitarudi kwa ajili yako, nitafanya kazi, sitakulaumu. Ukija, hapa kuna vyumba viwili, kimoja kinavuja, na jirani mwenye mdomo. Mpaka ardhi izae tena tutakula cha kuomba na cha kushona. Safari hii siandiki "nimeamua". Amua wewe, au tuamue wote.

Mumeo


12 Mei

Jembe langu,

Fungua begi.

Nilikwenda mwenyewe kwa wazee. Nilivaa gauni la kwenda kanisani. Mzee kiongozi akaniuliza, "Binti, na huko shambani kuna nini?" Nikasema, kuna udongo, mzee. "Na kazi ya Bwana?" Nikasema, mzee, nasikia hata udongo ni wake. Mzee kiongozi akaigeuza kofia yake mikononi. Nikadhani nimekosa adabu. Kisha mzee mmoja wa nyuma, yule anayesinziaga, akasema bila kufungua macho, "Mwacheni aende. Na mimi nimechoka." Wakacheka, hata mzee kiongozi, akavaa kofia yake. Walinipa mikono. Wamesema mlango wa kanisa hauna ufunguo upande wako. Wa nyumba nimeurudisha.

Shangazi kaja kuniaga amenuna. "Unaacha nyumba ya matofali unafuata mavi ya mbuzi?" Nikamwambia, shangazi, katikati ya hayo mavi yuko mume wangu. Akasema, "Haya, nenda, lakini mwenye kuvuja ni paa au ni yeye?" Akanishika akalia, na mimi nikalia.

Mke wa mwinjilisti mpya alinisaidia kufunga cherehani kwa blanketi. Barua hii inatangulia leo na dereva wa maziwa, mimi nakuja naye safari yake ya Ijumaa. Nitakaa mbele, cherehani itakaa na mikebe.

Usitegemee kwamba nitashuka natabasamu. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Jembe sijawahi kulishika kwa mkono, nitanuna wiki ya kwanza, na bibi yako akinitania nitamjibu. Sijui kama tutaweza. Nikiwaza hicho chumba kinachovuja, nahesabu ndoo za kukinga. Halafu nakuwaza wewe umepiga magoti kwenye matope unasikiliza udongo, na nakupenda mpaka nashindwa kutunga uzi. Nimemwambia mteja wa mwisho aje Jumamosi. Jumamosi sipo! Nimerudi kumshonea.

Sala yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nimekaa, na nikiwa nimelala miguu chini ya meza. Mikono ilipata joto. Ni fupi, na haina mwisho, umesema haukuja. Nadhani haukuja kwa sababu ulikuwa wangu.

Amina.

Mkeo,
Sindano